Tulishinda na sinema kuchangia utafiti wa dimensia: tulivyofanya Tanga, na kwa nini utafiti

Mtoto wa Muuza Vitumbua (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Watu wanne wameniandikia pembeni wiki hii wakiuliza ile siku ya sinema tuliyoifanya Tanga mwezi wa tisa ilikwendaje, na wao wafanyeje kwao. Nimeona niandike hapa mara moja, na wenye uzoefu kunizidi wanisahihishe.

Nianze na mama, maana bila yeye hata neno dimensia (hali ya ubongo inayokula kumbukumbu) nisingelijua.

Mama kazaliwa Ng'ambo, Unguja, miaka ya arobaini. Alisoma chuoni mpaka akahitimu msahafu, shule ya serikali hakwenda. Akaolewa Tanga, akazaa sita, akauza vitumbua na mbaazi zaidi ya miaka thelathini bila daftari. Madeni yote yalikaa kichwani. Ukikopa vitumbua viwili Jumatatu, Ijumaa anakukumbusha na nguo uliyovaa siku ile. Alipoanza kutia chumvi kwenye chai, sisi watoto tulicheka. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Mwaka uliofuata ikaanza ya magharibi. Jua likielekea kuzama anafunga kanga zake kifurushi, anasimama mlangoni, anasema anarudi kwao, baba yake anamngoja. Baba yake alifariki zamani, mimi sijazaliwa.

Tulizunguka sana. Wapo waliosema uzee, wapo waliosema jini, wapo waliosema kafanyiwa na mke mwenza wa zamani. Tukasomewa, tukanyweshwa kombe. Kisomo sikisemi vibaya, kinamtuliza hadi leo. Hospitali ya kwanza tuliyompeleka alipewa karatasi na kalamu, akaambiwa achore uso wa saa na mishale yake. Mama hajawahi kuchora kitu maishani. Aliishika ile kalamu kama anavyoshika mwiko. Ikaandikwa kashindwa, tukapewa vidonge vya kulala, tukarudi nyumbani.

Hospitali ya pili tulimkuta nesi aliyewahi kufanya kazi Kilimanjaro. Yule alitoa njiti za kiberiti, akazipanga mezani, akasema, "Bibi, nipangie na wewe kama hivi." Akamuuliza leo siku gani. Mwenyekiti wenu wa mtaa nani. Daraja ni kitu gani. Akamwomba ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Akamtajia maneno kumi, wakazungumza mengine, kisha akamuuliza ni yapi anayakumbuka. Mama alilieleza daraja vizuri kabisa. Kwenye wanyama akasema kuku, mbuzi, ng'ombe, kuku, kuku. Katika yale maneno kumi hakurudisha hata moja. Lakini kila swali alilifahamu. Ndiyo siku ya kwanza nilimwona mama anapimwa yeye mwenyewe, badala ya kupimwa shule aliyoikosa.

Baadaye nilifuatilia yale maswali yametoka wapi. Watafiti wa huku kwetu Kilimanjaro pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza walipita vijiji vya wilaya ya Hai, wakapima wazee karibu 1,200 wenye miaka 70 na zaidi. Matokeo yakachapishwa 2013: asilimia 6.4 ya wazee wale walikuwa na dimensia, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba huo ni ugonjwa. Kutokana na kazi za namna hiyo kikatengenezwa kipimo kifupi cha maswali sita, kinaitwa IDEA, ambacho hakimtaki mzee ajue kusoma wala kuandika. Kilijaribiwa Tanzania na Nigeria. Njiti za kiberiti zilizomfikia mama Tanga zimetoka kwenye utafiti. Mtu akiniuliza kwa nini tulichangia utafiti, hilo ndilo jibu langu, na nitalirudia humu mara nyingi.

Sasa siku yenyewe.

Tulichagua tarehe 21 Septemba, ambayo duniani ni siku ya Alzheimer, ugonjwa unaoleta dimensia kwa wengi. Mwaka huo iliangukia Jumapili. Wazo la kwanza lilikuwa kukodi kibanda umiza cha mtaani, kina skrini, spika na mabenchi tayari. Mwenyewe ni mtu mwema na alitaka kutusaidia, lakini Jumapili ni siku ya mpira, na mpira ndio unaolisha watoto wake. Tukaenda ukumbi wa harusi. Harusi nyingi huanza jioni na siku ile hakukuwa na harusi, tukapata kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne usiku kwa 250,000.

Mpango wetu ulikuwa saa kumi na mbili za sinema. Mtu anaandikisha jina, anatafuta wadhamini wanaoahidi kiasi kwa kila saa atakayokaa. Shangazi yangu peke yake alikuwa na wadhamini kumi na moja, wa shilingi 500 na 1,000 kwa saa, wengi wao wauza samaki wenzake wa Deep Sea. Alikaa saa zote kumi na mbili. Asiyetaka kukaa analipa kiingilio cha 3,000 na kuondoka akitaka.

Ushauri wangu mkubwa kwa anayetaka kufanya: msiunde kitu kipya, undeni kamati ya harusi. Sote tunajua inavyofanya kazi. Mwenyekiti, katibu, mhazini, kundi la WhatsApp, kadi za mchango zenye namba, orodha ya ahadi inayopandishwa kila jioni ili aliyeahidi ajione. Mtu atakayekwepa tangazo la ugonjwa hawezi kukwepa jina lake kwenye orodha. Mhazini wetu ni mwalimu mstaafu, na kila shilingi iliingia kwenye namba ya simu iliyofunguliwa kwa kazi hiyo tu.

Vibali ndivyo vilivyotutesa, na hapa naomba msome polepole. Ukionyesha sinema sebuleni kwako kwa ndugu zako, hilo ni lako. Ukikusanya watu ukumbini na kuwachangisha, umeingia kwenye maonyesho ya hadhara hata kama senti zote zinakwenda kwa wagonjwa. Sinema ina mwenyewe. Kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, inayosimamiwa na Bodi ya Filamu, na kuna hakimiliki, inayosimamiwa na ofisi ya COSOTA. Hayo ni mambo mawili tofauti: kibali cha kuonyesha hakikupi ruhusa ya mwenye filamu. Anzeni miezi mitatu kabla. Sisi tuliandikia wenye haki za sinema tano za Kihindi za zamani. Wawili hawakujibu, mmoja alikataa, wawili walikubali kwa ada, na ada ile dada yangu aliye Muscat aliilipa yeye. Tukaongeza sinema mbili za Kitanzania ambazo watayarishaji wake walitupa kwa barua, bure, kwa siku ile tu. Zile tulizokataliwa tuliziacha, ingawa mtaani zinauzwa kwenye flashi kila kona na hakuna ambaye angetukamata. Haifai kumchangia mgonjwa kwa mali ya mtu.

Kwa nini za Kihindi? Kwa sababu ya mama na wenzake. Wazee wetu wa pwani ujana wao ulikuwa sinema. Unguja kulikuwa na Empire na Majestic (ile iliyoungua 1954 ikajengwa upya), Tanga nasi tulikuwa na Majestic yetu. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, wakiyaita zanana, mabinti wanakwenda na mama zao na buibui zao, na mama amenisimulia hayo tangu nikiwa mdogo. Ugonjwa huu mara nyingi huanza kula mambo ya karibuni: chai ya asubuhi, jina la mjukuu. Mambo ya ujanani hukaa zaidi, na nyimbo hukaa kuliko yote. Kwa hiyo tuliwatafutia wazee miaka yao. Vijana tukawawekea za Kitanzania.

Na tulimweka mtu wa kusimulia na kipaza sauti, kama zile sinema za kutafsiriwa. Mzee mwenye macho mabovu maandishi ya chini hayamsaidii, na mwenye dimensia hadithi inamponyoka katikati. Msimuliaji wetu aliambiwa awe anarudia: huyu ndiye kaka, yule ndiye aliyeiba shamba. Aliifanya kwa upole sana.

Mama alikuja saa nne asubuhi, akakaa safu ya mbele na kina bibi wengine saba. Sinema ya kwanza, nyimbo ya pili ilipoanza, akaimba. Wakuu, mama hajui Kihindi. Aliimba ubeti mzima, na kibwagizo, na mahali pa kuvuta pumzi. Bibi wa kulia kwake akaimba naye. Siku hiyo asubuhi wakati namvalisha alikuwa ameniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Kosa letu kubwa lilikuwa sinema ya tatu. Ina mapigano ya bunduki, sisi tulishaizoea hatukuifikiria. Mlio wa kwanza tu mama alipiga kelele, akaning'ang'ania akisema watu wanakuja. Mwenye umri wake aliyekuwa Unguja mwaka 1964 huwezi kujua alisikia nini. Tulizima, tukawasha taa, tukampeleka nje chini ya mwembe, hakurudi tena ndani. Ningekuwa na siku ile tena ningekagua kila sinema dakika kwa dakika. Mayowe, bunduki, moto, giza la ghafla, yote nje. Na wazee wasikae zaidi ya sinema moja na chai.

Mengine kwa haraka: umeme ulikatika saa nane mchana, wekeni jenereta mapema. Simamisheni kwa adhuhuri, alasiri na magharibi. Choo kiwe na alama kubwa na mtu wa kuongoza. Na waambieni watu mlangoni wasimuulize mzee "unanikumbuka?" Waseme majina yao wenyewe: "Shikamoo bibi, mimi fulani, mtoto wa fulani."

Hesabu: tulipata 2,340,000. Ukumbi 250,000, projekta na spika 150,000, jenereta na mafuta 120,000, chai na maji 130,000. Ikabaki 1,690,000. Zote zilikwenda kwenye akaunti ya utafiti ya hospitali moja ya kufundishia, kwa namba ya malipo na risiti, na barua yetu ikasema ni za usafiri wa wasaili wanaorudi majumbani kwa wazee waliokwisha kupimwa.

Karibuni.

---

Mti Mkavu

Mkuu pole kwa mama, na hongereni. Ila niseme ukweli wangu. Baba yangu yuko hivyo mwaka wa sita. Milioni na laki sita ingenunua nepi za wazee wangapi hapo Tanga? Ingemlipa dada wa kukaa na bibi mmoja mwaka mzima. Utafiti una wazungu wenye mabilioni. Sisi tunaohangaika usiku tunabaki na barua ya shukrani.

---

Mtoto wa Muuza Vitumbua

@Mti Mkavu pole sana kaka, na swali lako ndilo lililogawa kamati yetu wiki mbili. Sitakuambia nepi si muhimu, nazinunua mimi mwenyewe kila Jumamosi.

Lakini mabilioni ya huko yanamtafiti mzee wa huko. Shirika la Afya Duniani linasema wenye dimensia duniani wamepita milioni 55, na zaidi ya asilimia 60 wako nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Zile dawa mpya za sindano zilizoidhinishwa Marekani 2023 na 2024, lecanemab na donanemab, hazirudishi kumbukumbu, zinapunguza kasi tu kwa walio mwanzoni, na zinadai picha za ubongo mara kwa mara. Leo zikishushwa bure bandarini Tanga, mama asingefaa: alishachelewa, na alichelewa kwa sababu aliwekewa kalamu mkononi. Nepi zinamsaidia baba yako leo, na tutachanga za hizo pia. Hili la njiti hakuna atakayetufanyia.

---

Nesi wa Zamu ya Usiku

Naomba niongeze kama mhudumu. Dimensia ni jina la hali, Alzheimer ni ugonjwa mmoja unaoileta, na ndio wenye wagonjwa wengi, asilimia 60 hadi 70. Nyingine inatokana na mishipa ya damu ya ubongo, hasa kwa wenye presha na waliopata kiharusi.

Ndugu zangu, mzee akianza kusahau msikimbilie kusema ni dimensia. Yapo mambo yanayofanana nayo na yanatibika: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, VVU, damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka, sonona, hata dawa anazokunywa zikigombana. Aliyebadilika ghafla kwa siku mbili tatu mpelekeni haraka, mara nyingi ni maambukizi, malaria au mkojo. Hayo yapimwe kwanza.

Na kwa sisi ambao bado: jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14, likasema karibu asilimia 45 ya dimensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa yakishughulikiwa. Presha, kisukari, sigara, pombe nyingi, kutosikia vizuri, macho yasiyotibiwa, kukosa elimu utotoni, upweke. Siku ya sinema kama hiyo wekeni meza ya kupima presha mlangoni. Watu mia mbili wamekaa, hawana haraka, mkono uko huru.

---

Mtoto wa Muuza Vitumbua

@Nesi wa Zamu ya Usiku dada asante. La presha hatukulifikiria kabisa. Limeingia.

---

Kahama Mashariki

Mimi natoka Usukumani. Nimesoma uzi huu nimekaa kimya muda mrefu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anatoka usiku anatembea, anakutwa alfajiri kwenye shamba la watu, hajui amefikaje. Macho yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe na mabua. Mnajua kwetu mwanamke mzee, macho mekundu, anatembea usiku, anaongea peke yake, wanamwita nani. Wajomba walimhamisha usiku, akaishi kwa watu wasiomjua hadi alipofariki. Wapo waliokosa wajomba wa namna hiyo.

Leo ndiyo mara ya kwanza nasoma kwamba kutembea usiku ni dalili. Mkifanya tena, msimuliaji aseme hilo kwenye kipaza sauti kati ya sinema moja na nyingine. Kwa Kisukuma nitasema mimi mwenyewe mkija Shinyanga.

---

Mbondei wa Minnesota

Salamu kutoka kwenye baridi. Huku Marekani Alzheimer's Association wana siku yao wanaiita The Longest Day, ni siku ya jua refu mwezi Juni, karibu tarehe 20 au 21. Kila kikundi kinafanya kitu kinachokipenda kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama: wengine karata, wengine kufuma, wengine sinema mfululizo. Rangi ni zambarau. Sisi Waafrika Mashariki wa hapa tulifanya sinema kwenye ukumbi wa kanisa.

La leseni alilosema mwanzisha uzi ni kweli tupu. Huku unalipia leseni ya maonyesho ya hadhara kwa kampuni zinazosimamia haki, na akaunti yako ya kutazamia nyumbani haikuruhusu kuonyesha ukumbini. Uingereza hali ni hiyo hiyo. Maktaba na makanisa mengine wana leseni ya mwaka tayari, ila nyingi zinakataza kutoza kiingilio. Ulizeni kabla ya kuchapa tiketi. Sisi tulifuta kiingilio tukaweka sanduku la hiari, na sambusa zikauzwa nje.

Mwisho wa siku pesa zetu zilikwenda kwa chama cha huku. Kwa kusoma uzi huu nimejuta kidogo. Mwakani nusu ije Hai.

---

Jirani wa Likoni

Hongera sana ndugu zetu wa Tanga. Sisi Kenya tuko na shirika la Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya, wana vikundi vya walezi, na kwa sinema kibali ni cha KFCB, bodi ya filamu ya huku. Mamangu mdogo ndiye anamlea nyanya, na hajatoka nyumba hiyo tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Swali langu: siku hiyo nani alikaa na wazee wasioweza kuja, ili walezi wao waje?

---

Mtoto wa Muuza Vitumbua

@Jirani wa Likoni hakuna. Hatukupanga. Walezi wawili niliowaalika hawakuja kwa sababu hiyo hasa, na mimi mlezi mwenzao nilikuwa wa kwanza kulijua hilo. Awamu ijayo tunagawa zamu: vijana wa kamati wanakaa nyumbani saa tatu tatu, mlezi aje aone sinema moja, anywe chai, arudi.

---

Mti Mkavu

Nimesoma majibu yote. Bado nasema nepi, lakini lile la njiti za kiberiti limenikaa. Baba naye alipewa karatasi achore. Alikuwa fundi mwashi, mkono ule ulinyoosha kuta za nusu ya mtaa wetu. Niandike kwenye zamu za kukaa na wazee. Mama anaendeleaje?

---

Mtoto wa Muuza Vitumbua

@Mti Mkavu nimekuandika, kaka. Mama anazidi kwenda. Jana magharibi alifunga kifurushi kama kawaida. Nikamwekea ule wimbo kwenye simu, akakaa kitini, kifurushi mapajani, akaimba nusu, nusu nyingine akaniachia mimi. Siijui. Alinifundisha mstari mmoja.

Wa Dar mlioomba mfano wa barua kwa wenye haki za sinema na fomu ya ahadi ya kila saa, nitaziweka hapa kesho jioni nikitoka kazini. Kahama Mashariki, niandikie pembeni, tuone tarehe ya Shinyanga kabla mvua hazijafunga barabara.